Jembe Halishikwi Rehani

Tangu nirudishe funguo za kabati la dawa, wauguzi vijana wananitembelea nyumbani hapa Goma, na karibu wote wanakuja na swali lilelile: "Mama Kahindo, kule Rutshuru banalipaka namna gani?" Kama si Rutshuru ni Masisi, kama si Masisi ni kambini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kule watu wanaumwa nini. Siwalaumu, tumbo halina likizo. Ila kwa kuwa nimestaafu na miguu yangu imegoma, naandika jibu mara moja ili nisilazimike kulirudia. Vyeo vyangu nitaviruka, havikuwa vingi. Kiasi nilicholipwa nacho sitakitaja, maana kingewafanya mcheke au mlie, na vyote viwili vinachosha.

Nilimaliza shule ya uuguzi kwetu Butembo wakati nchi bado inaitwa Zaire, nikatumwa kituo cha afya cha Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru. Kibumba ni baridi, viazi na makabichi. Nilifika na viatu vyeupe alivyoninunulia mama, na kabla sijamaliza kuvuka uwanja wa kituo vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Mkuu wa kituo alikuwa Papa Ramazani, muuguzi wa makamo, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema kuja kuuza vitambaa Birere, mtaa wa soko hapa Goma. Aliviangalia viatu, akaenda stoo akaniletea buti za mpira.

Asubuhi ileile mkulima mmoja alikuja kumchukua mke wake aliyekuwa amejifungua. Hakuwa na pesa, kwa hiyo aliweka jembe lake juu ya meza. Desturi hiyo mnaijua: asiyeweza kulipa haondoki mpaka aache rehani, tunayoiita gage, na asipokuwa na gage anabaki palepale na mtoto wake mpaka ndugu wapatikane. Msiharakishe kusema sisi ni watu wabaya. Serikali ilitulipa kwa mdomo tu. Kilichotulisha ni kisanduku cha malipo ya wagonjwa: mwisho wa mwezi tunaondoa pesa ya dawa, kinachobaki tunagawana. Mgonjwa akiondoka bila kulipa, ni mshahara wako unaouona ukitoka mlangoni.

Papa Ramazani alilisukuma jembe kwa kidole.

"Kamata jembe yako, papa."

"Muganga, sina kitu ingine."

"Uko na radio. Jana ulipita nayo hapa inaimba, nilisikia."

Yule mtu alicheka kwa aibu, akaenda kuileta radio. Papa Ramazani aliifunga stoo pamoja na sufuria, vitenge na magodoro ya watu wengine, kisha akanigeukia.

"Binti, weka hii neno mu kichwa. Jembe ya mutu hatukamate gage. Ukikamata jembe yake, atalima na nini? Na asipolima, atatulipa na nini? Radio, sawa. Kitenge, sawa. Jembe na chukudu, hapana."

Chukudu, kwa msomaji wa mbali, ni kile kigari chetu cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachobeba makaa na viazi na kulisha nusu ya mji huu. Nimewahi kuona, mahali pengine, uwanja wa hospitali umejaa chukudu za watu waliokuwa nyumbani wakitafuta pesa ya kuzikomboa bila chukudu. Hilo halikutokea kwetu Kibumba, na ni kwa sababu ya yule mzee peke yake.

Mengine aliyonifundisha ni ya mikono. Kuchemsha mikasi kwenye sufuria juu ya makaa bila kuamini moshi kuwa ndio joto. Kupasha moto mikono yangu makwapani kabla ya kumgusa mwanamke, maana baridi ya Kibumba inaweza kumfanya mzazi akaze kila kitu. Kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ndogo ya mbao, sikio upande mmoja, tumbo upande wa pili. Pembe yake ilikuwa imechakaa mpaka inang'aa kama mpini. Alisema chombo cha kazi hakiazimwi, kinarithiwa, na mimi nilikaa miaka nikisubiri anirithishe.

Somo langu la kwanza juu ya malipo lilikuja mwaka wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, wakaifunika Kibumba. Magari meupe ya mashirika ya msaada yalikuja nyuma yao. Upande ule wa barabara, muuguzi mwenye diploma kama yangu, kutoka shule kama yangu, alilipwa dola kila mwezi. Upande huu mimi nililipwa viazi, na viazi vyenyewe vikiwa vidogo kwa sababu vikubwa viliuzwa upande ule. Mfagiaji wetu alihamia huko akawa anatupita barabarani na saa mpya mkononi. Nilikasirika sana. Nilimwambia Papa Ramazani kwamba kazi ni moja, sindano ni moja, na maiti nao wanafanana.

"Unafikiri banalipa kazi?" alinijibu. "Prime inafuataka kilio, haifuatake kazi. Pale kilio ni kubwa na bazungu banasikia, prime inakuja. Pale bantu banalia pole pole, hakuna."

Kwa wasiojua, prime ni nyongeza wanayotoa mashirika, na kwetu nyongeza ndiyo mshahara. Basi hilo ndilo jibu la swali lenu, ningeweza kuishia hapa. Lakini jibu hilo lina mtu ndani yake, na mtu huyo anaitwa Furaha.

Furaha aliletwa Kibumba wakimbizi walipokwisha ondoka na vita ya kwanza kupita, ametoka shuleni mbichi. Aliniita yaya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza bila kuniuliza kama nataka mdogo. Aliwaimbia wanawake wakati wa uchungu, na akigombana na mtu alimaliza kwa kumcheka. Papa Ramazani alimpenda upesi. Alipohamishiwa Goma kuwa mkuu wa wauguzi katika maternité, yaani hospitali ya uzazi, moja ya mjini, ile pembe ya mbao alimpa yeye, si mimi. Nilimeza. Alikuwa amechagua vizuri, na kukubali hivyo kulinichukua muda.

Kisha waasi wakachukua upande wetu wote wa nchi, na Kinshasa ikawa kama nchi ya kigeni. Mume wa Furaha alikuwa dereva wa lori la makabichi. Siku moja aliondoka kwenda Rutshuru, lori likaonekana, yeye hakuonekana. Furaha alikuwa na mimba. Aliendelea kufanya kazi mpaka tumbo likamzuia kuinama, kisha akaendelea akiwa amekaa.

Siku yake ilipofika, mtoto alikwama. Nilichukua pembe yake nikasikiliza: moyo wa mtoto ulikuwa unapunguza mwendo. Tulimpakia juu ya makabichi ya lori la kwanza lililokubali, tukamfikisha kwa Papa Ramazani akiwa na rangi ya majivu. Walimpasua. Mtoto alilia, mama akaamka, tukamwita mtoto Neema. Nilicheka na kulia pamoja mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, nikiwa na majani ya kabichi kichwani.

Bili ilikuja kesho yake. Upasuaji wa mjini una bei ya mjini, na Furaha alilipwa kwa bei ya Kibumba. Niliuza mbuzi wangu, wenzetu walichanga, haikutosha hata kwa nusu. Basi muuguzi akafungwa na wauguzi. Alikaa pale na akina mama wengine wenye madeni, wakifagia uwanja na kugawana chakula cha wenye ndugu, jeraha likapona, mtoto akaanza kutabasamu, na geti bado limefungwa kwake. Papa Ramazani aliona haya kumtazama. Alikuwa ameshawaachia wanawake wengi mno waende bure, na wenzake walikuwa wamemwambia wazi kwamba watoto wao nao wanakula.

Nilikuwepo siku Furaha alipoingiza mkono kifuani na kutoa bahasha ya nailoni. Wakati wa vita hakuna anayetembea bila karatasi zake. Ndani ilikuwa diploma yake, ile yenyewe, yenye mihuri ya Kinshasa.

"Papa, mukamate hii gage. Nitakuja kuikomboa."

Mzee aliigeuza mbele na nyuma. "Diplôme? Binti, una uhakika?"

"Ni karatasi tu. Kazi si iko mu mikono? Kibumba hakuna mutu anaulizaka diplôme. Viazi bananipa bila kusoma."

Tulicheka sote watatu. Papa Ramazani alifikiri kidogo, na nilijua anapima kwa ile sheria yake. Kisha uso wake ukafunguka.

"Sawa," alisema. "Si jembe, si chukudu."

Aliifungia kwenye kabati la karatasi, tukarudi Kibumba na mtoto mgongoni. Nakumbuka tulivyokuwa na raha siku hiyo.

Januari ya mwaka uliofuata, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Sisi Kibumba tuko nyuma ya mlima, moto ulishuka upande wa Goma. Ardhi ilitikisika siku nzima, mbingu ikawa nyekundu, majivu yakafunika makabichi, na barabara ya kwenda mjini ikakatwa. Tulisimama uwanjani tukiangalia wekundu ule juu ya mahali ambapo ndugu zetu wote walikuwa. Furaha alimbana Neema na kusema anamshukuru Mungu kwamba hawakuwa tena wamefungwa kule maternité. Karatasi haikumjia akilini, wala mimi sikuikumbuka.

Papa Ramazani alitufikia baada ya siku nyingi, kwa miguu, akivuka mawe ambayo yalikuwa bado yana joto chini. Soli za viatu vyake zilikuwa zimekunjamana. Tulimpa kiti na chai, akaacha chai ipoe.

Alituambia yaliyotokea. Moto ulipokuwa unashuka Birere, watu wote walikimbia, na yeye akawatoa wagonjwa wake hadi wa mwisho. Kisha akarudi kufungua stoo ya gage. Vitu vile vilikuwa amana, alisema, na amana huulizwa hata kaburini. Alikodi chukudu kwa saa ya mkononi mwake, akapakia sufuria, radio, vitenge, magodoro, akasukuma pamoja na mwenye chukudu hadi mji wa Sake. Huko alikaa juu ya mzigo ule mvuani mpaka wenyewe wakaanza kuja. Aliwarudishia kila mmoja kitu chake, na deni hakudai.

"Ufunguo ya kabati ya makaratasi ilikuwa mu mfuko yangu," alisema. "Nilipita mbele yake. Nikasema, karatasi itaandikwa tena, sufuria ya mutu haiandikwe tena. Nikabeba sufuria."

Furaha alianza kumpoza. "Papa, haiko kitu, nitaomba ingine."

"Kwa nani? Kinshasa? Nani anafika Kinshasa sasa?" Mzee alisukuma chai pembeni. "Nilikataa majembe ya bantu miaka yote. Yako nikaikamata na mukono yangu hii, na sikujua kama ni jembe."

Furaha alimwekea mzee Neema mapajani, naye akampakata.

Hatukuelewa mara moja ukubwa wa hasara. Ilikuja na magari. Mji ulikuwa umeungua, kilio kilikuwa kikubwa na kilisikika mbali, kwa hiyo prime zilikuja kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Walitafuta wauguzi kila mahali. Mimi na Furaha tulipanga mstari pamoja. Mimi nilionyesha diploma yangu, nikaandikwa. Yeye alieleza. Kopi yake iliyokuwa ofisi ya afya iliishia kwenye moto wa askari waliopikia humo ugali. Papa Ramazani alikuja mwenyewe, amevaa kanzu ya Ijumaa, akaapa mbele ya kijana wa meza ile kwamba amemfundisha kazi huyu binti na kwamba diploma yake aliiona na kuishika. Kijana alimsikiliza kwa adabu.

"Muzee, nakuamini. Lakini bakubwa bangu banataka original."

Ndivyo ilivyokuwa kwa ofisi nyingine, na nyingine. Nchi ilipoungana tena, Furaha alimpa pesa mtu aliyekuwa anakwenda Kinshasa, na mtu yule alirudi na hadithi ndefu. Papa Ramazani naye alituma maombi kila mwaka mpaka alipokufa, na hata alipokuwa amelala hajiwezi aliniuliza, "Ya Furaha ilifika?" Nilimwambia bado. Sikutaka kumdanganya mzee aliyekuwa karibu kuulizwa amana zake.

Kwa hiyo tuligawanyika. Mimi nilifanya kazi Goma, kisha Rutshuru kwenye hospitali yenye wafadhili, ambako mgonjwa hakulipa na mwanamke hakufungwa, na mwisho wa mwezi nilisaini na kupokea. Furaha alibaki Kibumba na kisanduku. Vijana, sikilizeni hili, maana ndilo mnaloniuliza kila siku: mwaka niliojenga nyumba hii ya mbao mnamokuja kunywa chai, yeye alizalisha wanawake wengi kuliko mimi, na paa lake lilikuwa turubai. Nilimletea sabuni na viatu vya mtoto. Alinijazia viazi kwenye gunia nisirudi mikono mitupu. Nilipopanda gari nikaona gunia lile ni zito kuliko zawadi yangu, na nililia njia nzima.

Waasi wengine walipokuja, Kibumba nzima ilishuka kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma. Shirika langu lilinipa hema la maternité kambini, na prime ikapanda, kwa sababu mliyoisikia. Furaha alifika na Neema, beseni kichwani na pembe ya mbao ndani ya beseni. Nilimwombea kazi kwangu. Walimkubalia kuwa mjitolea, yaani fulana moja, sabuni, na ruhusa ya kuelimisha watu juu ya kunawa mikono. Kuzalisha hakuruhusiwa. Tulikuwa hema moja, chini ya mvua moja, juu ya mawe yaleyale ya volkano, mimi na dola zangu na yeye na sabuni yake. Wanawake wa Kibumba walipofika na uchungu waliuliza, "Furaha iko?" Nami nilitoka nje kuhesabu mawingu mpaka mtoto alie.

Kisha kipindupindu. Sitawaeleza kipindupindu cha kambini, mtakiona wenyewe. Waajiriwa tuliingia kwa zamu, na glavu na buti. Wajitolea waliitwa kubeba maji na kuinua wagonjwa. Furaha hakungoja kuitwa. Asubuhi moja alikuwa anamshikia bibi mmoja kikombe, akakiweka chini taratibu, akaniambia, "Yaya, na mimi." Nilimwekea drip kwa mikono yangu, mishipa ilikuwa imelala kabisa. Nilipata mmoja, ukapasuka. Nilipata mwingine. Alikufa kabla ya saa sita mchana, akiwa amevaa ile fulana, na nilikasirika hivi kwamba niliupiga kofi mtungi wa maji ukaanguka.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Neema nilimchukua kwangu. Mlima ulipopasuka tena tulikimbilia Sake, diploma yangu nikiwa nimeifunga kifuani kwa kitambaa, nikiwa sina kitu kingine, na majirani walinicheka kwa kuacha godoro. Waasi wamerudi tena, mashirika mengi yameondoka, na sasa mnaniuliza wapi wanalipa. Nendeni mnakopata, mlishe watoto wenu. Ila mkiwa na ufunguo wa stoo mkononi, mtazameni vizuri anayeacha kitu.

Nimebakiza siku moja. Baada ya mazishi tulitangaziwa kwamba watoto wa wahudumu wa afya waliokufa kwa kipindupindu watasomeshwa. Ilihitajika hati ya kifo inayoonyesha kazi ya marehemu. Nilimshika Neema mkono, tukaenda kwa karani. Alikuwa mtu mpole, kalamu yake inavuja, akawa anaifuta kwenye suruali.

"Kazi ya marehemu?"

"Infirmière," nilisema. "Muuguzi."

"Anatoka wapi?"

"Kibumba."

"Ba Kibumba tunaandikaka cultivatrice, mama. Bote ni balimaji." Aliinua macho. "Kama ni infirmière, diplôme yake iko wapi?"

Nilimshika Neema mabegani, nikamsogeza mbele ya meza.

"Ni huyu."

Karani alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaandika: cultivatrice.